UZI: Raba za milango na madirisha. Ipi inakaa wapi, na kwa nini umebadilisha raba na maji bado yanaingia

FremuNyoofu (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Masika imeshabisha hodi hapa Dar na simu zimeanza: "Fundi, njoo ubadilishe raba, maji yanaingia ndani." Naenda, nachungulia, na mara nyingi raba ya watu haina kosa lolote. Na pale inapokuwa na kosa, unakuta ile waliyokwisha kuinunua tayari ni mbovu kuliko ya zamani. Mimi kazi yangu ni alumini na milango ya mbao, haya ndiyo maswali ninayojibu kutwa, basi nimeona tuyaweke sehemu moja.

Anza hapa: raba haizibi kwa sababu ni nene, wala kwa sababu ni mpya. Inaziba kwa sababu imekandamizwa na inalazimisha kurudi ilivyokuwa. Ukiikandamiza kidogo mno, upepo unapita. Ukiikandamiza kupita kiasi, mlango unaufunga kwa bega, bawaba zinalegea, na raba inachoka inabaki bapa, haina tena nguvu ya kusukuma. Kwa raba ya sponji, robo mpaka theluthi ya unene wake inatosha. Pengo la milimita 6 linataka raba ya 8 au 9. Usinunue ya 6, na usinunue ya 15 eti "ndiyo ibane vizuri".

Pengo utalipimaje wakati mlango ukifungwa hulioni? Nenda kachukue plastisini ya watoto, ule udongo wa rangi wa kufinyangia. Viringisha vipande vyembamba, vivalishe nailoni visinate, vibandike kwenye fremu: juu, upande wa bawaba, upande wa kitasa, katikati na karibu na chini. Funga mlango mpaka kitasa kishike. Fungua, kata kila kipande kwa wembe, pima unene uliobaki. Mlango mmoja unaweza kukupa milimita 2 upande wa bawaba na 6 upande wa kitasa. Ndiyo maana anayenunua roli moja na kulizungusha pande zote huishia na mlango unaogoma upande mmoja na kupitisha upepo upande mwingine.

Zile za kubandika kwa gundi zinaitwa kwa herufi, kwa sababu ukitazama ncha iliyokatwa unaiona herufi yenyewe. E ni ya mapengo madogo, kama milimita 1 hadi 3.5. P inabeba 2 hadi 5.5. D inafika 3 hadi 8. P na D zina tundu katikati, kwa hiyo zinakubali kubonyea bila kugombana na mlango. Soma pakiti, na kama haina maandishi yoyote, muulize muuzaji akukatie kipande ukajaribu kwanza.

Sasa mpira wenyewe. Kwa nje, penye jua na mvua, mimi naweka EPDM (aina ya mpira wa kiwandani) na sina mjadala. Jua haliitishi, ozoni haiipasui, joto la kwetu kwake si kitu. Adui yake ni mafuta na petroli. Silikoni inavumilia joto na baridi kuliko zote, ila inachanika kirahisi ikishapata jeraha, na bei yake inajulikana. Neoprini ni ya kati, inastahimili mafuta kuliko EPDM. Zile sponji nyepesi za kijivu zinazonyonya maji ukizibonyeza, hizo ni za mlango wa chumbani au kabati. Kuzipeleka nje ni kufuga unyevu.

Na kuna PVC, ambayo ni plastiki, si mpira. Hii ndiyo imejaa madukani, nyeusi inang'aa, laini, inauzwa kwa mita, na muuzaji ataapa kwamba ni EPDM. Ulaini wake unatokana na kilainishi kilichochanganywa ndani, na jua linakifukuza taratibu. Madirisha yanayotazama magharibi ndiyo huanza: raba inakakamaa, inafupika, kona zinaachana, unabaki na tundu la pembetatu kwenye kila kona.

Kuzitofautisha: kunja kipande kabisa, kibane kwa vidole kwa dakika moja, achia. PVC hubaki na alama ya mkunjo, EPDM nzuri inanyooka. Ukitaka uhakika, kichome nje ya nyumba, palipo na hewa. EPDM inaendelea kuwaka na kutoa moshi mweusi wa masizi. PVC ukiitoa kwenye moto inazimika yenyewe na harufu yake inakereketa koo, usiivute. Ukiivuta raba nayo ikageuka nyeupe-nyeupe, imejazwa chokaa, rudisha.

Karibuni maswali. Tafadhali semeni dirisha ni la aina gani na linatazama wapi, "dirisha langu linavuja" haitoshi.

---

Mwambao

Uzi wa maana mkuu. Niko Kigamboni, madirisha ya kuslaidi, yanatazama baharini. Kusi ikivuma na mvua, maji yanajaa kwenye reli kisha yanamwagikia ndani, sebule inakuwa bwawa. Fundi alikuja akapiga silikoni kwa nje chini yote ya fremu, safi kabisa, mstari mmoja. Mvua iliyofuata ndiyo ikawa balaa zaidi. Raba zote ni mpya. Tatizo nini?

---

FremuNyoofu

@Mwambao toka nje sasa hivi uchungulie uso wa reli kwa chini, upande wa nje. Inatakiwa uone matundu marefu membamba, mawili au zaidi kwa kila fremu. Hayo ni matundu ya kutolea maji. Dirisha la kuslaidi halikuundwa kuzuia maji yasiingie kwenye reli. Limeundwa yaingie, yatulie, yatoke kwa matundu yale. Fundi wako ameyaziba kwa silikoni. Reli imekuwa mfereji usio na mwisho.

Kata ile silikoni kwa wembe mahali pa matundu, zibua kwa waya, kisha mimina maji kikombe kimoja kwenye reli uangalie yanatoka nje au la. Ukikuta fremu haikutobolewa kabisa (nimeziona nyingi za namna hiyo), itobolewe. Na kila kusi kabla haijashika kasi, osha reli kwa maji baridi ya bomba, mchanga na chumvi ndivyo vinavyoziba.

Ule mstari wa silikoni kati ya fremu na ukuta uache, huo una kazi yake. Nazungumzia matundu tu.

---

Mhandisi_Mvua

Niongezee hapo kwa Mwambao, maana hata matundu yakiwa wazi anaweza kuendelea kuona maji, halafu akarudi kumlaumu fundi.

Upepo wa kilomita 54 kwa saa, yaani mita 15 kwa sekunde, unasukuma uso wa ukuta kwa paskali (kipimo cha msukumo) 135 hivi. Milimita moja ya maji ni karibu paskali 10. Kwa hiyo upepo huo, kwa hesabu ya juu, unaweza kuyashikilia maji ndani ya reli yakasimama milimita 14 juu zaidi ya yanavyotaka kukaa. Ukifika kilomita 72 kwa saa ni kama milimita 24. Sasa pima ukingo wa reli upande wa ndani. Kama una milimita 15, hakuna raba duniani itakayokuokoa siku ya dhoruba, maji yatapanda juu ya ukingo na kumwagika.

Ukifungua dirisha la upande wa pili wa nyumba, ule usiopigwa na upepo, unazidisha tofauti ya msukumo. Watu hufanya hivyo "ili upepo upite", kumbe wanauvuta pamoja na maji.

Kwa ukuta unaotazama bahari, ushauri wangu ni dirisha la kusukuma lenye bawaba. Lile upepo ukiligonga linakandamiza raba zaidi. La kuslaidi haliwezi, kwa sababu lazima liache nafasi ya kuteleza. Kama huna bajeti ya kubadilisha, tafuta reli yenye ukingo mrefu wa ndani, vifuniko vya matundu vyenye ulimi unaofunguka kwa nje tu, na kibaraza juu ya dirisha.

---

Mwambao

@FremuNyoofu nimetoka na kisu. Matundu yapo, matatu, yote yamejaa silikoni. @Mhandisi_Mvua ukingo wa ndani nimeupima, milimita 20. Naona nina nafuu ya mvua za kawaida, siku za kusi kali ndoo na taulo.

---

DomVumbi

Sisi huku Dodoma maji si shida, shida vumbi. Unafuta meza asubuhi, mchana unaandika jina lako juu yake. Madirisha ya kuslaidi pia. Raba nimebadilisha ya kushikilia kioo, vumbi liko palepale.

---

FremuNyoofu

@DomVumbi ya kushikilia kioo inazuia kioo kisicheze kwenye alumini. Vumbi lako linapita pale vioo viwili vya kuslaidi vinapopishana, na kwenye reli juu na chini. Hapo pana brashi, yale manyoya, na yamelala.

Toa kipande ukiende nacho dukani. Kuna vipimo viwili: upana wa mgongo unaoingia kwenye mfereji, na urefu wa manyoya. Mgongo ukiwa mdogo, brashi inatoka yenyewe ukislaidi. Mkubwa, hauingii. Urefu wa manyoya usiukisie kwa brashi ya zamani iliyolala, pima nafasi. Halafu omba ile yenye utando mwembamba wa plastiki katikati ya manyoya. Vumbi laini la huko linapenya manyoya matupu, utando ndio unaolikatisha. Jaribu pia kuidondoshea tone la maji: manyoya mazuri yametiwa silikoni, tone linasimama juu. Likinywewa, iache.

Na usisahau pale vioo vinapokutana katikati, juu kabisa na chini kabisa. Pale huwekwa kipande kidogo cha brashi au sponji. Mafundi wengi hawakiweki, na ukipiga tochi usiku utaona mwanga unapita kama kidole.

---

MamaWawili

Kaka fundi hongera kwa elimu. Mimi mlango wangu wa mbele ni mninga, mzuri kweli. Masika unavimba haufungi, kiangazi unaachia nafasi kubwa mpaka mbu wanaingia. Na chini kuna uwazi, juzi tumeua nge sebuleni. Niweke raba gani?

---

FremuNyoofu

Shukrani dada. Usipime pengo la mlango wa mbao msimu mmoja ukamaliza. Ukipima kiangazi ukaweka raba nene, masika utashindwa kutoka nje. Chagua yenye tundu katikati (D au P) kwa upande wa kitasa na juu, inabonyea sana bila kugoma. Mpigie seremala simu kwanza: kingo za mlango, hasa ya juu na ya chini, zimepakwa vanishi? Zile hazionekani na huachwa wazi, na ndipo mbao inapokunywea maji. Zikipakwa, kuvimba kunapungua sana.

Raba usiibandike mahali mlango unapoteleza juu yake. Ibandike kwenye ile ngazi ya fremu ambapo mlango unakuja kugota, ili ikandamizwe uso kwa uso. Ikisuguliwa ubavuni itang'oka tu.

Chini: kama sakafu ni vigae vilivyo sawa, funga ile reli ya alumini yenye ulimi wa mpira, kwa skrubu, upande wa ndani kama mlango unafungukia ndani. Ulimi uguse sakafu, usikunjike. Kama sakafu haiko sawa, chukua ya brashi. Nge na mende hawahitaji nafasi kubwa, kwa hiyo angalia pembe mbili za chini, ndipo ulimi huishia kabla ya fremu.

Kuhusu kiasi: mlango wa mita 2.1 kwa 0.9 unakula mita 5.1 pande tatu. Roli la mita 5 litakupungukia kipande cha kukera. Nunua kwa mita ukiweza.

---

MamaWawili

Na kubandika? Ya kwanza ilidondoka.

---

FremuNyoofu

Gundi haishiki vumbi, nta wala mafuta ya mikono. Futa kwa kitambaa na spiriti, subiri pakauke. Raba kuukuu na gundi yake vitoke vyote. Toa ule utando wa karatasi kidogo kidogo huku unabandika, usiutoe wote mara moja. Na hapa ndipo watu wengi wanakosea: usiivute. Raba iliyovutwa inabandikwa ikiwa imetanuka, kisha inarudi taratibu na kona zinafunguka. Isukume, ibane kwa kidole gumba. Zile za kuingiza kwenye mfereji wa alumini zikate ndefu kidogo, asilimia moja au mbili. Dirisha la mita 1.2 liongezee kama sentimita 2. Anza kona, nenda katikati, kisha jaza zilizobaki. Ikigoma kuingia tumia maji ya sabuni.

Kona ikate kwa mshazari na uunganishe kwa super glue. Mlango uache wazi mpaka kesho yake ukiweza.

Kujaribu: washa ubani au kijiti cha udi, zima feni, pitisha taratibu kando ya fremu siku yenye upepo. Moshi ukiinama, hapo ndipo. Au bana kipande cha karatasi kwenye mlango ukivute, kikitoka bila kugoma, raba haijagusa.

---

KijanaWaNjombe

Mimi nina swali tofauti. Huku Njombe mwezi wa 6 na wa 7 baridi ni ya kung'ata. Nataka kuziba kila kitu, milango, madirisha, mpaka matundu ya juu ya ukuta. Jioni tunaingiza jiko la mkaa tunaota. Raba gani inabana zaidi?

---

Mhandisi_Mvua

@KijanaWaNjombe simama hapo hapo kaka. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichozibwa linatoa hewa ya kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, na mkaa ulioshika vizuri usiotoa moshi ndio unaokudanganya kwamba ni salama. Watu wanalala na hawaamki. Matundu ya juu ya ukuta usiyaguse kabisa. Na hata jiko la gesi, chumba lazima kiwe na njia ya hewa.

---

FremuNyoofu

Naunga mkono kwa mikono miwili. Ziba mlango na dirisha la chumba cha kulala, ongeza blanketi, jiko libaki jikoni au nje. Ukisoma ujumbe huu na una jiko ndani usiku huu, litoe kwanza ndipo urudi kusoma.

---

KijanaWaNjombe

Nimeelewa wakuu. Nimewasomea mpaka wazee nyumbani. Mzee anasema enzi zao waliota moto ndani na hawakufa.

---

Mtani

Mwambie mzee nyumba ya enzi zake ilikuwa na nyasi juu, moshi unatoka popote. Ya leo ina siling'i bodi.

Swali langu la kizalendo: tuna mashamba ya mpira Kihuhwi kule Muheza na Kalunga kule Kilombero. Kwa nini tusitumie mpira wetu kutengeneza hizi raba badala ya kuagiza?

---

Mhandisi_Mvua

@Mtani mpira wa mti una mvutano mzuri kuliko karibu yote, ndiyo maana matairi ya malori na ya ndege bado yanautegemea. Shida ni ozoni na jua. Uanike nje ukiwa umekunjwa, utapasuka nyufa ndogo ndogo pale penye mkunjo. Unaweza kuongezewa dawa za kuzuia, lakini kwa dirisha EPDM haina haja hiyo, na ilianza kuuzwa miaka ya 1960 kwa sababu hiyo hiyo. Ya Kihuhwi tuipeleke kwenye matairi na glavu.

---

Ughaibuni

Salaam kutoka Edmonton, Kanada. Huku nyuzi 30 chini ya sifuri ni kawaida, na raba ni suala la bili. Niongeze mawili. Moja, gundi nyingi za kubandika hazishiki chini ya nyuzi 10, kwa hiyo kazi hii tunafanya kabla ya baridi. Pili, raba ikipoa sana inakuwa ngumu na hairudi haraka. Chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kilichopotea Januari 28, 1986 kiliangushwa na pete ya mpira iliyokakamaa kwa baridi ya asubuhi ile. Walio Njombe na Limuru hawafiki huko, EPDM inawatosha kabisa.

---

Mwambao

Tukiwa humu humu, gari. Noah yangu ikinyesha zulia la mbele linalowa, upande wa abiria. Kuna jamaa wa mtaa wa Gerezani hapa Dar ananishawishi nibadilishe raba za milango yote. Bei yake inatisha.

---

FremuNyoofu

Ina dirisha la juu?

---

Mwambao

Inalo.

---

FremuNyoofu

Basi usilipe kwanza. Dirisha la juu lina mifereji na mirija kwenye kona inayoshusha maji chini ya gari. Ikiziba kwa majani na vumbi, maji yanageukia ndani na kushuka kwenye nguzo mpaka kwenye zulia. Fungua, mwagia maji kidogo kwenye kona ya mfereji, angalia kama yanatoka chini karibu na gurudumu. Hayatoki? Zibua kwa waya laini wa nailoni, usipulize kwa kompresa kali, mrija unaweza kuchomoka ndani. Kama mirija iko safi, angalia na mfereji ulio chini ya waipa, nao hujaa majani. Raba za milango ziwe za mwisho.

---

MamaWawili

Raba zikianza kukauka zipakwe nini? Jirani anatumia Vaseline.

---

FremuNyoofu

Hapana kwa Vaseline, hapana kwa mafuta ya injini, hapana kwa dizeli. EPDM ikinywa mafuta ya petroli inavimba na kulegea. Osha kwa maji na sabuni ya kawaida, ikauke, kisha pulizia silikoni kwenye kitambaa uipitishe, au gliserini ya duka la dawa. Mara mbili kwa mwaka inatosha, kabla ya masika na kabla ya vuli.

Na fundi rangi. Mwambie fundi rangi abandike karatasi ya gundi juu ya raba kabla ya kuanza, au aitoe kabisa na kuirudisha. Raba iliyopakwa rangi inagandamana na mlango, siku ya kwanza ukifungua inachanika yote.